Msiba wa Mkubwa Uwe Dawa ya Mdogo

Afapo mtu mkubwa, nchi nzima husimama. Redio hukatiza vipindi vyake, bendera hushushwa nusu mlingoti, na mvuvi anayeshusha dagaa pale Mwigobero, mjini Musoma, huuliza habari kabla hajauliza bei. Asiyenunua gazeti mwaka mzima hulitafuta siku hiyo, na asiyejua kusoma humwita mwanawe amsomee. Katika saa hiyo masikio ya watu huwa wazi kuliko wakati mwingine wowote. Basi swali letu la leo ni hili: sisi tulioshika kalamu twatia nini katika masikio hayo? Twasimulia msafara, wageni na mashada ya maua peke yake, au twamwambia mzazi pia neno litakalomfaa kesho alfajiri, mtoto wake atakapoamka na homa?

Twauliza swali hili tukiutazama mkoa wa Mara, kwa maana hakuna mkoa mwingine wa nchi yetu uliopokea msiba mkubwa kuliko ule uliopokelewa pale Butiama.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alifariki dunia katika Hospitali ya St Thomas, mjini London, akiwa na umri wa miaka 77. Rais Benjamin Mkapa ndiye aliyelitangazia taifa habari hiyo nzito. Zikatangazwa siku 30 za maombolezo. Mwili ukarudishwa nchini, ukaagwa Dar es Salaam, kisha ukaletwa Mara, na tarehe 23 Oktoba ukazikwa Butiama, katika ardhi ile ile alikozaliwa mwaka 1922. Wengi wetu tulioko mezani hapa leo tulikuwa vijana wakati huo. Tulizunguka redio moja watu ishirini, hapana aliyesema, na betri zilipoisha jirani alileta zake bila kuombwa.

Ugonjwa uliomwondoa Mwalimu haukufichwa. Taifa liliambiwa kwamba ni saratani ya damu. Twathubutu kusema kuwa viko vijiji ambamo neno hilo lilibisha hodi kwa mara ya kwanza katika siku zile. Lakini lilibisha hodi likiwa peke yake, halikufuatana na maelezo. Watu walijua kwa ukamilifu ndege imetua saa ngapi na wakuu gani wa mataifa wamefika, lakini si wengi waliojua saratani ya damu huanzaje, hujionyeshaje, na kama yaweza kumpata mtoto. Mzazi akaachwa afanye hesabu yake mwenyewe, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi na ya kutisha: Mwalimu alikuwa Baba wa Taifa, alitibiwa Ulaya na madaktari mabingwa, hata hivyo alikufa. Ikiwa yeye hakupona, mtoto wa mkulima wa Nyamuswa au wa mpagazi wa stendi ya Bunda atapona kwa lipi?

Hesabu hiyo ni ya uongo, ndugu msomaji, na uongo wake umewagharimu watoto.

KANSA YA MZEE SI YA MTOTO

Saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa, si ugonjwa mmoja. Ni jina la ukoo wenye watu wengi, na wengine hawafanani hata kidogo. Mzee wa miaka 77 si mtoto wa miaka 5, na saratani ya mmoja haiwi kipimo cha saratani ya mwingine. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupatwa na saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi maskini hawafiki hata 30. Mwaka 2018 Shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 wapone watoto wasiopungua 60 katika kila 100 duniani kote.

Tuzitafakari hesabu hizo. Mtoto wa Ulaya hana damu tofauti na ya mtoto wa Butiama, na dawa nyingi zinazomponya ni za miaka mingi, si maajabu ya jana. Tofauti kubwa ni kwamba yule hutambuliwa mapema, hufikishwa kwa mganga anayeujua ugonjwa, na humaliza dawa zake. Wa kwetu hufika amechelewa, au hafiki kabisa, au hufika akaondoka kabla dozi haijaisha kwa sababu nauli na chakula vimekwisha.

Na hapa Mara tunayo saratani moja ambayo ni aibu kwetu kutoijua, kwa maana imeishi kando ya ziwa letu muda mrefu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe wa ajabu katika mataya ya watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri majuma kumi kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana. Walikuta kwamba unafuata joto, mvua na nyanda za chini, yaani mle mle linamotawala mbu wa malaria. Ndipo ukaitwa kwa jina lake, saratani ya Burkitt.

Mara iliingia katika historia hiyo kwa miguu yote miwili. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini ili wataalamu wa kimataifa wapime kama kuikandamiza malaria kutaupunguza ugonjwa huu. Hospitali ya Shirati, iliyoko sasa katika wilaya ya Rorya, imewahudumia watoto wenye uvimbe huo kwa miongo mingi. Kwa hiyo wasomi wa dunia walijua njia ya kuja kwetu kuusoma ugonjwa wetu. Ingekuwa ajabu mama wa Musoma asiujue.

Basi na tuuseme kwa maneno ya nyumbani. Mara nyingi huwapata watoto wa miaka minne hadi tisa hivi, na wavulana zaidi kuliko wasichana. Taya huvimba upande mmoja, au pande zote mbili, meno hulegea, pengine jicho hutokeza nje, pengine tumbo ndilo linalovimba. Wazazi hudhani ni jino, na jino hung'olewa. Uvimbe hauondoki. Hudhaniwa kuwa mtoto ametupiwa jicho baya, naye huchanjwa chale. Uvimbe huzidi. Wakati huo wote ugonjwa haulali: ni miongoni mwa saratani ziendazo mbio kuliko zote, na uvimbe waweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Majuma matatu ya kungoja si majuma matatu kwa mtoto huyo. Ni maisha yake.

Lakini tazama upande wa pili. Kwa kuwa uvimbe huo hukua upesi, huyeyuka upesi pia mbele ya dawa. Madaktari waliomfuata Burkitt waliona kwa macho yao uvimbe ukinywea ndani ya siku chache baada ya sindano za dawa iitwayo saiklofosfamaidi, na wako watoto waliopona kabisa wakawa watu wazima wenye watoto. Hata ile saratani ya damu inayowapata watoto, ambayo siyo sawa na ya wazee, katika nchi zenye huduma kamili huponyeka kwa walio wengi. Dalili zake ni mtoto kupauka, homa inayorudi rudi, kutokwa damu puani au kwenye fizi, michubuko isiyokuwa na sababu, maumivu ya mifupa na kuvimba kwa tezi. Mzazi wa Mara ataziona akasema ni malaria, na mara nyingi itakuwa malaria kweli. Lakini dawa ya malaria ikinywewa vizuri na homa ikarudi, na mtoto akazidi kupauka, mzazi huyo adai kipimo cha damu, asinunue tena vidonge dukani.

Hayo yote yangeweza kusemwa mwaka 1999 katika nafasi isiyozidi safu moja ya gazeti. Yangesomwa na nchi nzima, kwa maana nchi nzima ilikuwa inasoma.

GAZETI LINA MIGUU

Yupo atakayetuambia kwamba tunajipa ukubwa tusiokuwa nao. Kwamba gazeti ni karatasi, na mtu hampeleki mtoto hospitali kwa sababu ya karatasi. Tunamjibu kwa mambo yaliyotokea.

Tarehe 4 Aprili 1959 alikufa huko Uingereza mchezaji wa mpira Jeff Hall, beki wa Birmingham City na wa timu ya taifa ya England, akiwa na umri wa miaka 29. Majuma mawili tu nyuma alikuwa uwanjani akicheza. Kilichomwua ni polio, ugonjwa wa kupooza ambao watu waliudhania kuwa wa watoto wadogo. Chanjo ilikuwapo, lakini vijana wengi walikuwa hawakuijali. Habari za kifo chake zilipoenea, na mjane wake alipozungumza katika televisheni, vijana walimiminika wakachanjwe hata chanjo ikapungua, ikabidi nyingine iagizwe upesi. Yale ambayo mabango ya serikali hayakuyaweza kwa miaka, msiba mmoja ulioelezwa vizuri uliyaweza kwa majuma machache.

Kwa jirani zetu wa Uganda, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, naye alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Hakungoja kufa ndipo asemewe. Alipita mashuleni na makanisani akiwaonya vijana kwa mwili wake mwenyewe uliodhoofika, hata alipofariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Ugonjwa uliokuwa ukinong'onwa ukapata uso na jina, na watu wakaanza kuuzungumza mezani.

Na kwetu je? Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2011 magazeti na redio za nchi hii ziliandika siku baada ya siku juu ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichokuwa kikitolewa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Watu wakaondoka kwa malaki. Magari yakapanga foleni za kilomita nyingi. Wako wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini wakapakiwa kwenye malori, na wako waliokata roho njiani kabla ya kukifikia kikombe. Wengine waliacha dawa walizokuwa wakinywa. Mzee yule naye alifariki mwezi Julai 2021, na hatuandiki haya kumhukumu marehemu. Twaandika ili kujihukumu sisi. Kama kalamu zetu ziliweza kuwasafirisha watu kutoka kila pembe ya nchi, wakivuka mbuga, hadi Samunge, nani atasema kalamu hizo haziwezi kumsafirisha mama mmoja kutoka kijijini hadi zahanati ya kata?

Gazeti lina miguu. Jambo la kuuliza ni limemwongoza msomaji kwenda wapi.

MAKOSA YETU

Kwa hiyo yatupasa kuyataja makosa ya wenye kalamu, na tutaanza na ya kwetu wenyewe.

Kosa la kwanza ni lugha ya kufunika. Huandikwa kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu", au kwamba alifariki "kwa maradhi ya ghafla". Maneno hayo hayamfundishi mtu chochote. Twakubali kwamba familia ina haki ya siri zake, na hatuwezi kumvua marehemu nguo ili kuuza nakala. Lakini mara nyingi familia haikukataa. Mwandishi ndiye asiyeuliza. Pale ugonjwa unapotajwa wazi taifa hufaidika. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliutaja ugonjwa kwa jina lake: saratani ya mapafu. Heshima ya Mzee Mwinyi haikupungua hata chembe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; nasi twaongeza kwamba anayeyaficha maradhi ya aliyekwisha kufa aweza kumwua aliye hai.

Kosa la pili ni kuuacha uvumi utangulie. Mkubwa akifa, kabla kaburi halijachimbwa huzuka maneno: amelishwa sumu, amerogwa, wamemmaliza wenzake. Siku hizi maneno hayo hupita kwenye simu za mkononi upesi kuliko moto wa kiangazi. Watu hudhani ni porojo tu za barazani. Sivyo. Uvumi wa namna hii mwisho wake ni kando ya kitanda cha mtoto. Mzazi aliyeaminishwa kuwa mkubwa mwenye madaktari kumi aliuawa kwa uchawi, mtoto wake akivimba taya hatauliza habari ya zahanati. Atauliza nani mwenye kijicho katika ukoo. Hapo hupotea mtoto, na pengine kikongwe asiye na hatia naye husingiziwa.

Kosa la tatu ni kuwafanya watu waamini kwamba uponyaji uko ng'ambo. Twaandika London, twaandika India, twaandika Afrika Kusini, kama kwamba hapa nchini hapana mganga. Ni kweli kwamba iko kazi inayopita uwezo wetu. Lakini mtoto mwenye saratani ya Burkitt hahitaji ndege. Mjini Musoma iko hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ile watu waiitayo Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 ukakwama kwa miongo kadhaa kabla haijaanza kupokea wagonjwa. Mwanza iko Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yenye idara ya saratani. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 220 za lami, nayo njia hiyo hiyo yapita Bunda. Mwalimu mwenyewe, alipoanza shule ya Mwisenge mwaka 1934, umbali wa maili 26 kati ya Butiama na Musoma ulikuwa wa kutembea kwa miguu, na hakuna aliyesema kwamba elimu iko mbali mno. Leo tusiseme kwamba uzima uko mbali mno.

TWAJUA KUZIKA, TUJUE NA KUTIBU

Sasa twageuka kwa ndugu zetu wasomaji, wanachama na wafanyakazi, kwa maana lawama haziishii kwenye kalamu.

Sisi watu wa nchi hii twajua kuzika. Akifa mtu, daftari la michango hufunguliwa saa ile ile. Mwenye nacho hutoa, asiye nacho hubeba maji na kuni. Lori hupatikana, turubai hupatikana, ng'ombe hupatikana. Tabia hiyo ni nzuri, nasi hatuna nia ya kuivunja. Lakini tujiulize kwa uaminifu: mtoto yule tuliyemchangia sanda, juma moja kabla tulimchangia nauli? Mama yake alipopita nyumba kwa nyumba akiomba fedha za kumfikisha Mwanza, daftari lilifunguliwa? Au tulimwambia angoje mwisho wa mwezi? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika ugonjwa huu ngoja ngoja huua.

Kazini mambo ni hayo hayo. Mfanyakazi akileta habari ya msiba, msimamizi humwachia aende mara moja. Akileta habari kwamba mtoto ana homa isiyoisha, huambiwa amalize zamu kwanza. Na wafanyakazi wengine hawaombi kabisa, wakiogopa kukatwa mshahara. Wajue basi kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake. Sheria imetaja ugonjwa kwanza na kifo baadaye. Sisi ndio tuliogeuza mpangilio wake.

Hatusemi kwamba umaskini hauna sehemu yake. Mzazi hachelewi kwa ujinga peke yake. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewasamehe malipo watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, lakini msamaha huo haulipi basi, haulipi mahali pa kulala, wala haupalilii shamba lililoachwa. Na mtoto wa miaka saba, ambaye ndiye hasa anayewindwa na ugonjwa tuliousema, ameupita umri huo wa msamaha. Mzazi aliyefika mara moja akaambiwa dawa hakuna, hatafika mara ya pili kwa kusoma tahariri. Kwa hiyo wanaosimamia hospitali nao wana deni: dawa za watoto hawa zisikosekane, rufaa isiandikwe kwenye karatasi tu bali iwe na usafiri, na mzazi anayekaa na mtoto wake majuma mengi mbali na nyumbani apate pa kujilaza.

Mwalimu alitufundisha kwamba maadui wa nchi hii ni ujinga, umaskini na maradhi. Katika habari ya watoto hawa maadui wote watatu wamekaa mkeka mmoja. Huwezi kumfukuza mmoja ukawakaribisha wawili chai.

YANAYOWEZEKANA

Hatupendi tahariri inayolia bila kusema la kufanya. Twapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni.

La kwanza ni letu waandishi. Kila tunapoandika kifo cha mtu mashuhuri, na familia yake imekubali ugonjwa utajwe, pembeni ya habari ile pawe na maneno machache: ugonjwa huu ni nini, dalili zake kwa mtu mzima ni zipi, kwa mtoto ni zipi, unatibika au la, na mtu aanzie wapi. Maneno hayo yatoke kwa mganga, yasitoke kichwani mwa mwandishi. Redio za kwetu, kama Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda, zaweza kufanya hivyo vizuri kuliko sisi, kwa maana zaingia hata jikoni.

La pili ni la matawi na mashina. Katika kila matanga watu hukaa siku kadhaa pamoja, na mazungumzo ni mengi. Viongozi wa mashina wamwalike mhudumu wa afya wa kijiji azungumze kwa dakika kumi. Asihubiri. Aonyeshe kwa mkono wake jinsi ya kupapasa taya na tumbo la mtoto, kisha aketi ale pamoja na wafiwa.

La tatu ni la vyama vya kuzikana, ambavyo vimejaa mijini na vijijini. Katika kila shilingi kumi za mfuko wa mazishi, itengwe moja ya nauli ya mgonjwa mtoto. Chama kisiitwe cha kuzikana tu. Kiwe pia cha kuponyana.

La nne ni la mkoa mzima wa Mara. Kila mwaka tarehe 14 Oktoba ni siku ya mapumziko, na hotuba husomwa kwa kumkumbuka Mwalimu. Hotuba na zisomwe. Lakini siku hiyo, Musoma, Bunda na Butiama, meza ya mganga na iwekwe karibu na jukwaa, na kila mzazi aliyekuja na mtoto apite hapo mtoto atazamwe taya, macho, tezi na tumbo. Mwenye dalili aandikiwe aende wapi, na kesho yake kiongozi wa shina aulize kama amekwenda. Sisi hatujui shada la maua litakalompendeza Mwalimu zaidi ya hilo.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema ukae umtazame anavyonyolewa, wala uhesabu watu waliokuja kutazama. Msiba wa mkubwa ni wembe uliopita karibu na vichwa vyetu sote. Ukituacha na machozi peke yake, umetupita bure. Ukimwinua mama mmoja wa Butiama ambebe mwanawe mgongoni leo badala ya mwezi ujao, basi yule tuliyemlilia ametufanyia kazi yake ya mwisho, na mtoto huyo atakua, atasoma, naye siku moja atasimulia habari za mzee ambaye hakuwahi kumwona.